Funga Kitabu Kwanza

Jumatatu, 2 Machi

Nimefika. Kliniki ni vyumba viwili, choo kimoja na baraza lenye mabenchi matatu, juu kidogo ya barabara ya Port Bell, mahali unapoona kipande cha ziwa katikati ya mapaa mawili. Juu ni mabati matupu, hakuna dari. Bango limepauka hadi jina halisomeki, lakini watu wanakuja tu.

Niandike kwa nini niko hapa, nisije nikajidanganya baadaye. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa kusomea udaktari wa familia. Desemba, kule wodini, msimamizi wangu aliandika maneno manne kwenye ripoti yangu: "Ana akili. Hasikilizi watu." Nikaangushwa. Sasa nimepewa miezi mitatu kwa Dk. Erinayo, masika yote, na mwishoni mwa Mei yeye ndiye atakayesema nipite au nitoke kwenye mafunzo. Nafasi ya tatu haipo.

Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Baba, Sajini Oyet, alikuwa askari magereza hapa hapa Luzira, na kambini Waacholi, Walugbara na Waganda tulikutana kwenye Kiswahili. Kisha nikasoma Mwanza miaka mitano, na Watanzania wakaninyoosha ulimi kwa kunicheka. Dk. Erinayo naye alitibu askari miaka mingi. Alipojua mimi ni mtoto wa kambi, aliacha Kiingereza hapo hapo na hajakirudia.

"Karibu, binti Oyet," alisema. "Hapa hapana haraka."

Nikajua tutagombana.

Jumatano, 4 Machi

Wagonjwa tisa siku nzima. Tisa! Nimekunywa chai vikombe sita.

Jumatatu, 9 Machi

Kila mgonjwa hapa huja na daftari la shule, lile jembamba la kurasa thelathini na mbili, na ndani yake madaktari wote waliomwona wameandika. Wanaliita kitabu. Zuleika, mama wa Kinubi anayekaa mapokezi, ana sheria moja ambayo hata Dk. Erinayo haivunji: "Hapana kitabu, hapana dakitari." Anachukua vitabu, anavipanga kwa zamu, anasoma jina kwenye jalada kwa sauti ya kwata, na mwenye jina anaingia.

Mimi nikipata kitabu ninakuwa na furaha. Dakika moja tu, ninajua kila kitu: umri, magonjwa, dawa, nani alikosea nini. Leo nimefungua cha mgonjwa wa kwanza, Dk. Erinayo akanyoosha mkono na kukifunga.

"Wewe nafunga kitabu kwanza," alisema. "Nasikiliza mtu. Halafu nasoma."

Ndiyo sheria yake yeye. Kitabu kinalala mezani kimefungwa mpaka mgonjwa amalize kusema. Na wanasema! Dk. Erinayo anauliza nani anapika kwenu, mnalala wangapi chumba kimoja, yule kaka yako wa jeshi alirudi. Mtu kaja na kikohozi, anaondoka kaeleza ukoo mzima.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Ikipiga mabati, huwezi kusikia moyo wala mapafu ya mtu. Dk. Erinayo anavua kifaa chake masikioni, anakaa, anasubiri. Mimi nilisimama.

Jumanne, 17 Machi

Mzee Abwola, mwanajeshi mstaafu, goti. Goti ni goti. Dk. Erinayo alimwachia dakika ishirini na tano, mara kwao Kitgum, mara ng'ombe, mara mkewe marehemu. Mwishoni mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba siku hizi anaamka asubuhi hajui yuko wapi. Tukampima sukari. Iko juu kabisa.

Dk. Erinayo hakunitazama, na bado nilijua ananitazama. Nikajiambia hata mimi ningempima. Sijui kama ningempima.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Matope hadi mlangoni. Zuleika amenitengenezea mandazi na kuniambia nimekonda kwa hasira.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Nyumbani kwa Baba. Kustaafu kote na bado anataka taarifa nikiwa nimesimama.

"Hii kazi iko namna gani?"

"Polepole, Baba."

"Na afande yako?"

"Polepole zaidi."

"Atakupa cheti?"

Nikamwambia sijui. Akaniongezea nyama kwenye sahani, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa shule ya msingi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama Baba ananihurumia, basi mambo ni mabaya.

Jumanne, 14 Aprili

Kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. Sikukirudia.

Jumatatu, 20 Aprili

Usiku wa jana maji yameingia nyumba za chini, karibu na reli ya bandarini. Asubuhi watu wameanika magodoro juu ya ua wetu. Zuleika amewaruhusu, halafu amewafokea kwa kuwa wengi. Wakongo wengi wanakaa kule chini, wafanyabiashara wa vitenge, wasusi, mafundi cherehani. Wamepoteza unga, nguo, vyeti, kila kilichokuwa sakafuni.

Tumetibu kuhara na vidole vilivyokatwa na mabati. Dk. Erinayo aliuliza kila mmoja maji yalifika wapi, gotini au kiunoni. Leo hata mimi niliuliza.

Jumanne, 28 Aprili

Siku yangu!

Dk. Erinayo amekwenda Lubaga kumwona dada yake anayeumwa, na kwa mara ya kwanza ameniachia kliniki peke yangu. Mvua imepiga tangu saa mbili hadi saa nane, benchi zimejaa, mabati yanatoa kelele kiasi kwamba nilikuwa naongea na watu kwa mikono. Sikuweza kusikia hata kifua kimoja. Lakini vitabu nilikuwa navyo. Nimewaona wagonjwa thelathini na wanne na saa kumi benchi lilikuwa tupu. Zuleika mwenyewe alishangaa. "Wewe ni mashine," alisema.

Mafua, mafua, malaria, jipu, mafua. Mama mmoja, Marie-Louise, presha ya miaka mingi, kitabu kimejaa. Kichwa kinamuuma, presha 168 kwa 110, nimemuuliza kama anakunywa dawa zake, anasema hapana, bila hata aibu. Nimemsema kidogo, nimemwandikia dozi maradufu ya ile iliyo kitabuni. Dakika nne. Mtoto anayeumwa masikio. Malaria. Mafua.

Nikipita mwishoni mwa Mei, itakuwa kwa sababu ya leo. Nimelala chali kitandani nikicheka peke yangu.

Jumatano, 29 Aprili

Dk. Erinayo amerudi. Nikamwambia thelathini na wanne. Akauliza, "Unakumbuka wangapi?"

Mzee wa kuchosha.

Alhamisi, 30 Aprili

Nitaandika yote kwa mfuatano, kama yalivyokuwa.

Saa nne asubuhi Zuleika aliita, "Marie-Louise!" Akaingia mwanamke mwembamba, mrefu, wa miaka arobaini na kitu, ameshika ukuta. Sikumfahamu. Nikafikiri ni Marie-Louise mwingine. Dk. Erinayo alikuwa chumba cha pili anashona kidonda.

"Dokta, mi niko nasikia kizunguzungu," alisema. "Tangu juzi. Ile dawa mulinipa iko na nguvu mingi."

Nikampima. Presha 94 kwa 58. Nikachukua kitabu, na kwa kuwa Dk. Erinayo hayupo, nikakifungua kabla hajamaliza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mwandiko wangu. Jumanne, tarehe 28. Kichwa. 168/110. Hamezi dawa. Dozi maradufu.

"Jumanne ulikuja hapa?" nikamuuliza.

"Hapana mimi. Jumanne ilikuja Princesse, bibi ya ndugu yangu Arsène. Kitabu yake ilikufa mu maji, siku ile ya mafuriko. Na yule mama pale nje anakatala batu bila kitabu. Basi nikamupa yangu."

"Na dawa?"

"Akaleta nyumbani. Alisema, Marie-Louise, hii ni yako, si jina yako iko pale juu. Basi nikakunywa."

Kwa muda mfupi, nakiri, nilipumua. Yule mgonjwa wa Jumanne hakumeza dawa zisizo zake, na huyu nitampunguzia dozi, akae, anywe maji, basi. Kisha nikauliza swali ambalo Dk. Erinayo angeliuliza kwanza.

"Huyo Princesse anaendeleaje?"

"Kichwa tu. Na macho. Anasema anaona vitu vinawaka. Lakini ni mimba, si ndiyo? Mimba inasumbua."

Nikamwomba arudie.

"Mimba. Miezi saba. Hukuona?"

Sikuona. Naandika tena ili nisome nikiwa mzee: sikuona. Alikuwa mnene, amevaa sweta na jaketi la mumewe juu ya kitenge kwa ajili ya baridi, mabuti ya mvua miguuni, na alikaa kitini kama wengine thelathini na watatu. Sikumwambia asimame. Sikumwambia avue mabuti nione kama miguu imevimba. Sikumgusa zaidi ya mkono wa kupimia. Kitabu kilikuwa kimeniambia ni mama wa miaka arobaini na moja, presha ya zamani, na sindano ya uzazi wa mpango ya mwezi wa pili. Kwa nini nitafute mimba?

Mjamzito wa miezi saba, presha ile, kichwa, anaona vimulimuli. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua jina lake: kifafa cha mimba kinapiga hodi. Anaweza kuanguka saa yoyote, na wakapotea wote wawili. Na mimi nilikuwa nimemsema kwa kutomeza dawa na kumrudisha nyumbani.

Sasa liko jambo ambalo sitaki kuliandika. Madaftari haya yameshikwa kwa pini mbili tu. Ukurasa unatoka ukiuvuta, hausikiki hata. Marie-Louise alikuwa amefumba macho. Dk. Erinayo alikuwa ng'ambo ya ukuta. Ningesema mgonjwa amepatikana nyumbani, tumpeleke hospitali, na kazi yangu ya Jumanne isijulikane na mtu. Kidole changu kilikuwa kwenye ile pini. Nilifikiria maneno manne, nikafikiria Baba na ile nyama. Nilikaa hivyo muda gani, sijui. Labda sekunde kumi. Zilitosha kunionyesha nilivyo.

Nikainuka na kitabu kikiwa wazi, nikaingia chumba cha pili, nikakiweka mbele yake karibu na mkasi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Yeye alikuwa bado ameshika uzi.

Akasoma. Akauliza jambo moja tu.

"Mgonjwa iko wapi?"

Sikujua. Nikarudi kwa Marie-Louise. Princesse anasuka nywele saluni moja Kabalagala. Ametoka nyumbani asubuhi, kichwa na vyote, kwa sababu leo kuna bibi harusi. Simu yake imezimwa. Ya Arsène inaita bila kujibiwa.

"Enda wewe," Dk. Erinayo akaniambia. "Wewe najua sura yake." Akafungua kabati, akanipa sindano za magnesi za kuzuia kifafa na dawa ya kushusha presha, akanionyesha kipimo kwa kidole kama vile sijui, na mimi nikashukuru kuonyeshwa. "Mimi nabaki na huyu. Napiga simu hospitali, wanangoja nyinyi."

Zuleika alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa umekauka. Alivua koti lake la mvua akanivika, akatoka barabarani kumsimamisha mwenye pikipiki, jamaa anaitwa Opio, akamwambia kwa ile sauti ya kwata, "Wewe naendesha mzuri, huyu ni dakitari, na wewe naendesha haraka pia!"

Mvua ikaanza tukiwa Bugolobi. Barabara ikawa mto, magari yamesimama, Opio akapita pembeni, juu ya vibaraza, mara moja katikati ya genge la mtu. Sina dini sana, lakini niliahidi mambo mengi njiani. Kuna wakati nilijikuta nahesabu saa: Jumanne saa tano hadi Alhamisi saa tano. Saa arobaini na nane.

Kabalagala kuna saluni kila baada ya hatua kumi. Niliingia nne nikiwa nachuruzika maji, nikiuliza Princesse, Princesse Mkongo, wasichana wananitazama kama mwendawazimu. Ya tano, juu ya duka la simu, nikamwona. Alikuwa amesimama nyuma ya bibi harusi, kitana mdomoni, tumbo lake hili hapa, wazi kabisa chini ya fulana. Kipofu angeliona. Miguu kwenye ndala imevimba hadi vifundo havipo.

"Dokta?" alisema. "Umekuja kusuka?"

Nikacheka. Nakiri nilicheka, na machozi yakatoka hapo hapo, kwa sababu alikuwa amesimama na anaongea.

Nikamkalisha. Presha 176 kwa 118. Bibi harusi, nusu kichwa kimesukwa na nusu hakijasukwa, alimshika mkono nikimchoma sindano. Nikamwambia Princesse twende hospitali sasa hivi, na kwamba nilikosea siku ile, mimi, si yeye. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nilizani unaona," alisema. "Tumbo hii yote? Na kwetu mimba haitangazwi, inajitangaza yenyewe. Mbili zilishatoka. Hii sikutaka kuitaja."

"Nilikuuliza kama unakunywa dawa."

"Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Ukakasirika."

Gari la shangazi wa bibi harusi ndilo lililotupeleka. Hospitali walikuwa wanatungoja mlangoni, kama Dk. Erinayo alivyosema. Dripu, magnesi, mkojo umejaa protini. Hajaanguka. Moyo wa mtoto unapiga. Nimeusikia mwenyewe, nilimwomba muuguzi aniachie nisikilize, na nikasikiliza mpaka akanidai kifaa chake.

Arsène Mugisho alifika saa kumi jioni, cherehani imemwachia nyuzi kwenye shati. Nikamweleza na yeye. Nimeeleza mara tatu leo na bado haijawa rahisi.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu. Nimekwenda wodini. Presha 148 kwa 96. Watajaribu kumshikilia wiki chache ili mtoto akomae mapafu. Kila siku ni faida, wanasema.

Jumamosi, 2 Mei

Kliniki. Nilitegemea Dk. Erinayo anifukuze, au anifariji. Hakufanya lolote. Alinikabidhi mgonjwa wa kwanza, nikaweka kiganja juu ya kitabu, nikauliza, "Habari za nyumbani?" Yule mama akaanza kusema, na mimi nikasikiliza, na mvua ikaja, nikakaa, nikasubiri iishe.

Zuleika amekata kadi ngumu vipande vipande. Asiye na kitabu anapewa kadi, anaandikwa jina lake halisi, anaingia. "Mimi nilifukuza Princesse kwanza," aliniambia, akiwa ameinamia mkasi. "Alikuja mara ya kwanza bila kitabu, mimi nikasema rudi. Hiyo ni yangu mimi." Nikamwambia tugawane. Hakucheka, lakini alinipa mandazi mawili.

Jumanne, 12 Mei

150 kwa 98. Wanamshikilia. Mvua.

Ijumaa, 15 Mei

Wagonjwa kumi na wanne, ninawakumbuka wote. Jana usiku niliwataja mmoja mmoja kabla ya kulala, kujipima.

Ijumaa, 22 Mei

Fomu ya chuo imefika. Kurasa nne. Dk. Erinayo amejaza tatu kwa kalamu yake ya wino, akaniletea ya nne, pale palipoandikwa "Makosa makubwa ya mwanafunzi". Patupu.

"Hapa naandika wewe," alisema.

Nikaandika. Nafasi haikutosha, nikaongeza karatasi mbili. Niliandika pia ile pini na kidole changu, ingawa hakuna aliyekuwa anaijua. Yeye akasoma yote mbele yangu, polepole, akalamba gundi, akafunga bahasha. Sikuthubutu kuuliza kurasa tatu zile zinasemaje. Nimekuwa mtu wa kusubiri, lakini si kwa kupenda.

Jumatatu, 25 Mei

Wamezaa! Naandika "wamezaa" kwa sababu Arsène aliponipigia alisema hivyo, "tumezaa." Presha ilipanda asubuhi, wakampasua saa sita. Msichana, kilo moja na gramu mia tisa, analia kwa sauti ya paka mwenye madai. Princesse ameamka, ameomba chai, ameuliza kama bibi harusi yule alimaliziwa kusukwa.

Nilimwambia Dk. Erinayo. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akafuta miwani yake kwa muda mrefu. Kumbe naye alikuwa anahesabu siku. Karibu wiki nne nzima hakuniambia kwamba kila asubuhi, kabla sijafika, alikuwa anapiga simu wodini. Zuleika ndiye aliyeniambia leo. Nilidhani hajali, nilidhani ni jiwe. Nilikuwa nimemsoma na yeye haraka haraka.

Baba naye nimempigia. "Mtoto iko salama?" "Iko salama." "Mama?" "Salama." Kisha akauliza: "Na wewe?" Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza hivyo.

Ijumaa, 29 Mei

Saa tisa. Nilikuwa nasafisha meza. Dk. Erinayo akavaa kofia.

"Jumatatu mimi nakwenda Lubaga wiki mbili," alisema. "Dada yangu nafanyiwa upasuaji."

"Nani atakuwa hapa?"

Akaweka funguo mezani. Tatu kwenye kamba ya kiatu: mlango, kabati la dawa, choo.

"Dokta," nikasema, "kwenye fomu ulisemaje?"

"Kama fomu nasema hapana," akajibu, "funguo ya choo nakupa ya nini?"

Akaondoka. Zuleika akapiga kigelegele hadi wagonjwa wakatoka kwenye benchi kuona nani kaolewa. Nikakaa chini. Nimepita. Nimepita, na sikujua kwamba kupita kunaweza kumfanya mtu atake kulala siku tatu.

Jumatano, 10 Juni

Jua. Barabara imekauka, vumbi limeanza, sasa watu wanakohoa kwa sababu nyingine.

Zuleika akaita, "Princesse!"

Akaingia mwenyewe, amekonda, mtoto kifuani amefungwa kwa kitenge, ngozi kwa ngozi kama walivyomfundisha wodini. Marie-Louise nyuma yake na mkoba. Presha ya Princesse 124 kwa 80. Ya Marie-Louise 132 kwa 84, ametaka ipimwe naye, "ili dawa zisichanganyike tena." Tumecheka wote watatu. Mtoto hakucheka. Kilo mbili na gramu mia tatu.

Princesse akaweka mezani madaftari mawili mapya. La kwanza lina jina lake, kwa herufi kubwa, amepiga mstari chini mara tatu. La pili jalada lake ni tupu.

"Hii ya mtoto," alisema. "Jina bado. Tutaita akifika miezi mitatu, ndiyo ahadi tulifanya, juu ya bale babili balitoka. Lakini nyumbani kwetu maji inaingia. Utuwekee hapa."

Nikauliza kama anataka niandike kitu ndani, tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo.

"Mungoje kidogo," alisema. "Kwanza mumuone."

Akamfungua kutoka kwenye kitenge, akanipa. Nilimshika mpaka akachoka kunitazama akalala. Kisha nikaweka kitabu chake kwenye droo ya juu, kikiwa kimefungwa, nikamrudishia mama yake mtoto, na Zuleika akaita anayefuata.